Kisichoitwa Hakikuwemo

Jumatatu ndiyo siku dobi anapokumbuka dhambi zake zote. Harusi za Jumamosi, misiba ya Jumapili, walevi wa siku zote mbili, wote huleta nguo zao kwa pamoja. Ikifika saa tatu asubuhi, kaunta ya kwa Mzee Dobi haionekani tena. Yaonekana milima ya makoti na suruali, na kichwa cha Karani kikichungulia katikati kama panya kwenye gunia.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na ukumbi mmoja mrefu. Kushoto palikuwa na masinki ya saruji, himaya ya Mama Povu, mwanamke mnene mwenye mdomo usiojua likizo. Kulia zilipangwa meza za pasi, ambako Mpiga Pasi alifanya kazi ndani ya mvuke, mtu mpole, mwoga wa kila kitu isipokuwa moto. Na katikati kabisa, pahali ambapo kila jicho lilipaona, palikuwa na meza moja iliyotandikwa shuka jeupe. Hiyo ndiyo iliyokuwa meza ya mifuko, na mwenye meza alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mrefu, ambaye wote walimwita Dada Mifuko.

Kabla vazi lolote halijaguswa na maji, lilipita kwake. Alikunja mikono ya blauzi yake juu ya viwiko, akageuza kila mfuko ndani nje, na alichokikuta alikiita kwa sauti, ukumbi mzima usikie.

"Leso moja! Kitana kimoja, kibogoyo! Barua ya mapenzi moja, imekunjwa, sijaisoma!"

"Isome basi!" Mama Povu alikuwa akijibu kutoka kwenye masinki.

Karani aliandika kwenye stakabadhi ya lile vazi, kitu kikatiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa kwa pini na kuwekwa kabatini. Hata mfuko mtupu uliitwa: "Hakuna kitu!" Desturi hiyo aliianzisha Mzee Dobi siku alipofungua duka, na kanuni yake aliibandika juu ya kaunta kwa herufi alizozichora mwenyewe: KISICHOITWA HAKIKUWEMO. Maana yake, mteja akija kudai kitu ambacho hakikuitwa, basi akakitafute nyumbani kwake.

Sasa, jambo la kumfanya mtu ainue nyusi ni hili. Baba yake Dada Mifuko alikuwa mwizi. Si mwizi wa kuvunja milango, la, kazi hiyo aliiita kazi ya maseremala. Yeye alikuwa mwizi wa mifukoni. Mtaa ulimwita Unyoya kwa wepesi wa mkono wake. Ungesalimiana naye, akakushika kwa mikono miwili kwa heshima zote, ukaenda zako huna saa, na bado njiani ukamsifu kwa adabu. Na binti wa mtu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutia mikono katika mifuko ya watu kutwa nzima, na kulipwa kwa kazi hiyo.

Mzee Dobi alilijua ajabu hilo, na alilipenda mno. Kila mteja mgeni alisimuliwa.

"Mnamwona yule? Yule ni binti wa Unyoya. Ndiyo, Unyoya mwenyewe! Nilimwokota amekunjamana kama shati la mlevi. Nikamloweka, nikamsugua, nikampiga pasi. Leo mpe koti lenye almasi, utaikuta almasi yako kwenye bahasha. Watu wanasema damu, damu. Damu kitu gani? Hata doa la damu linatoka, ukijua maji yake. Mtu ni mazingira, bwana. Mtie kwenye sabuni nzuri, atatakata."

Wateja walitikisa vichwa, wakamtazama Dada Mifuko kama watu wanavyomtazama mbuzi aliyefundishwa kupanda ngazi.

Maneno hayo aliyasikia kwa miaka kumi na tisa, akayameza. Mzee alikuwa mtu mwema. Wakati mtaa mzima ulipomfungia milango, yeye peke yake ndiye aliyemfungulia. Lakini wema unaosimuliwa kila siku huchacha kama maziwa, na kila aliposikia "nikampiga pasi", kuna kitu kilimchoma chini ya mbavu. Kwa sababu Mzee hakumpiga pasi. Alipoingia katika duka lile akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa amekwisha kunyooka zamani, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwuliza ilikuwaje.

Ilikuwa hivi. Unyoya alikuwa na watoto wawili, yeye na kaka yake, na wote wawili aliwafundisha kazi tangu wana miaka mitano. Aliweka bakuli la maji mezani, akatumbukiza kijiko ndani yake. Mtoto alitakiwa akichomoe kijiko bila maji kutikisika. Maji yakitikisika, unalala bila kula. Kaka mtu alilala na njaa miezi mingi. Yeye, alipofika miaka saba, alikuwa akichomoa kijiko na maji yametulia kama kioo.

Siku moja, ana miaka kumi na mmoja, alitumwa kwenye foleni ya posta. Akamtoa mama mmoja mkoba mdogo kikapuni, akautia mkononi mwa baba yake aliyengoja kwenye kona. Unyoya akamnyanyua juu kwa furaha, akamzungusha. "Huyu ni mimi mtupu!" akasema. "Damu yangu hii! Mikono yangu hii!"

Mtoto mwingine angefurahi. Yeye alikasirika mpaka masikio yakawasha. Yako? Nani aliyesimama kwenye foleni, roho mkononi? Nani aliyelala na njaa kwa ajili ya kijiko? Unyoya akautia mkoba mfukoni mwake mwenyewe, wakaondoka, na kabla hawajafika mwisho wa mtaa, mtoto alikuwa ameuchomoa mkoba ule katika mfuko wa baba yake, amerudi mbio, na ameudumbukiza tena katika kikapu cha yule mama, ambaye mpaka leo hajui kwamba aliibiwa na kurudishiwa katika asubuhi moja.

Alichapwa siku hiyo kichapo cha mbwa koko. Mpaka Unyoya anaingia kaburini, binti hakupata kujua kama alichapwa kwa kuurudisha mkoba, au kwa sababu hodari wa mji mzima alichomolewa mfukoni asihisi. Lakini tangu siku hiyo hakuiba tena. Hakutokewa na malaika, wala hakuhubiriwa na mtu. Aliona tu kwamba ikiwa mikono ni yake, basi neno la mwisho juu ya mikono hiyo ni lake pia.

Kaka yake aliendelea na shule ya baba. Jumatatu ninayoisimulia, alikuwa anatumikia kifungo chake cha tatu.

*

Jumatatu hiyo, yapata saa nne, mke wa Wakili aliingia dukani akiwa amebeba koti lake jeusi mkononi. Lilikuwa limeoshwa wiki iliyopita na kuchukuliwa Ijumaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ambayo haikuzoea kurudia jambo mara mbili.

"Mzee, koti limetoka safi," alisema. "Na pete yangu nayo imetoka."

"Pete gani, mama?"

"Pete ya marehemu mama yangu. Niliivua harusini vidole viliponivimba, nikaitia kwenye mfuko wa koti hili. Koti likaja kwako. Sasa naitaka."

Mzee Dobi akamwita Karani. Karani akapekua nakala za stakabadhi, akaipata. Iliandikwa wazi: koti jeusi la kike, mifuko mitatu, hakuna kitu.

"Unaona, mama. Kisichoitwa hakikuwemo."

"Kisichoitwa kimechukuliwa na mwitaji!" Mke wa Wakili aliinua kidole kuelekea ukumbini, moja kwa moja hadi kwenye meza nyeupe. "Unafikiri sijui yule ni nani? Wewe mwenyewe ulinisimulia, tena mara tatu, ukicheka. Binti wa Unyoya! Nilikwambia siku ile, sikukwambia? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Unamfuga, unamlisha, unampa jina zuri, na siku yake ikifika anauma."

Mama Povu alikuwa ameishika suruali ya mtu hewani, inachuruzika maji kwenye miguu yake. Dada Mifuko alikuwa na mkono ndani ya mfuko wa koti la bwana harusi.

"Funguo ndogo, mbili," aliita, sauti yake ikiwa ile ile.

Karani hakuandika. Alikuwa anamtazama Mzee.

Mke wa Wakili alipita upande wa kaunta bila kukaribishwa, akaja mpaka kwenye meza, Mzee akimfuata nyuma kama kuku anayefuata mahindi. "Wewe mwanamke. Pete iko wapi?"

"Shikamoo, bibi," alisema Dada Mifuko.

"Sikuja kwa shikamoo zako. Nimekuuliza pete."

"Sijaiona. Mifuko mitatu ya koti lako niliigeuza yote, nikaiita yote. Mmoja ulikuwa na vumbi la keki. Sikuliita, samahani. Vumbi hatuliiti."

Mama Povu alicheka puani. Mzee Dobi alimkata jicho.

"Avuliwe apekuliwe!" alisema mke wa Wakili.

"Imepita wiki nzima," alisema Dada Mifuko. "Kama ningekuwa nimeila, ningekuwa nimeshaisahau ladha yake. Unapekua nini leo?"

"Unasikia jeuri hiyo, Mzee? Unasikia? Baba mwizi, kaka yuko jela mpaka leo, na huyu ndiye unayempa mifuko yetu! Nitakwenda polisi. Na nisipokwenda polisi, nitakwenda mlango kwa mlango. Sitaki kuona koti hata moja la mtaa wetu likiingia hapa. Au umwondoe kwenye meza hii, sasa hivi, nikiona kwa macho yangu."

Mzee Dobi alifuta jasho. Mtaa ule wa mawakili na madaktari ndio uliokuwa nusu ya kazi zake. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na duka hilo ndilo mke, mtoto na kaburi lake. Alimsogelea Dada Mifuko, akashusha sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata pasi zilisikia.

"Mwanangu. Nenda pale kwa Mama Povu kwa siku mbili tatu. Shika sabuni kidogo. Mambo yakipoa utarudi mezani."

"Siendi."

"Sikufukuzi. Nakuhamisha tu."

"Kutoka mifukoni kwenda kwenye maji, mbele ya huyu bibi, leo? Mzee, hapo ni kunivisha kengele shingoni. Nikiondoka kwenye meza hii nimekiri. Siendi."

"Basi niambie nifanye nini!" Mzee alinyanyua mikono. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa, na kilichomchanganya si hofu ya mteja peke yake. "Miaka kumi na tisa nimewaambia watu nimekunyoosha. Nimekuapia! Sasa... Mwanangu, sijui. Kunyanzi za zamani hurudi pasi ikipoa. Labda sikupiga pasi vya kutosha. Labda ni kweli damu ni damu, na mimi nilikuwa ninajidanganya na sabuni yangu."

Hapo ndipo palipouma. Tusi la mke wa Wakili lilikuwa la kawaida. Tangu utotoni Dada Mifuko alilisikia kutoka kwa watu wengi wenye akili kuliko bibi huyu, na lilikuwa limekwisha makali. Lakini huyu mzee, mtu aliyekula naye mezani miaka yote hii, alikuwa anasimama pale akijiuliza kama kazi yake imeharibika, kama mtu anayeangalia shati lililochuja rangi. Pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu yake kana kwamba yeye mwenyewe hayumo. Mmoja anasema ametengenezwa na baba yake, mwingine anasema ametengenezwa na dobi.

Akazunguka meza, akaja mbele. Alimshika Mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wangu, nitazame usoni. Kaka yangu na mimi tulinyonya ziwa moja. Tulichapwa kwa fimbo moja. Tulifundishwa wizi katika chumba kimoja, na mwalimu mmoja. Damu ile ile, malezi yale yale. Yeye akaenda kule, mimi nikaja huku. Sasa niambie, damu iko wapi hapo? Na hayo mazingira yako wapi?"

"Usimpumbaze mzee wa watu!" Mke wa Wakili alichomeka kidole katikati yao. Dada Mifuko akaushusha mkono wa bibi taratibu, bila ukali, kama unavyoshusha tawi lililokuzibia njia.

"Bibi, wewe unasema nilizaliwa mwizi. Nakubali. Nilizaliwa na mwizi, hilo sibishani nawe. Tena nitakuongezea usichokijua: nililelewa niwe mwizi. Nilikuwa bora kuliko kaka yangu. Nilikuwa bora kuliko baba." Alipita mbele ya Karani, aliyekuwa amewafuata mpaka mezani, akamgusa bega. "Simama vizuri, kaka, usiniegemee meza." Kisha akarudi upande wake wa shuka jeupe, akasimama pale alipozoea kusimama. "Karani, andika."

Karani alipeleka mkono sikioni kuchukua kalamu yake. Haikuwepo. Akapapasa sikio la pili.

Dada Mifuko alifungua viganja juu ya shuka, akaanza kuita, kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Kalamu ya Karani, moja! Saa ya mkono ya Mzee Dobi, moja! Funguo za Mzee Dobi, shada moja, na ufunguo wa kabati la bahasha umo! Bangili ya dhahabu ya bibi, moja!"

Mzee alitazama kifundo cha mkono wake kilivyo kitupu chini ya mkono wa shati, halafu mfuko wa suruali yake. Mke wa Wakili alijishika kifundo cha mkono, akatoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Mpiga Pasi alisahau pasi juu ya suruali ya kitani, harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

"Pasi, wewe!" Mama Povu alimpigia kelele. Kisha akajipapasa kifuani kwa haraka. "Na mimi umenichukua nini?"

"Wewe huna kitu, Mama Povu."

"Mwongo! Nina ugoro!"

"Ugoro wako sitaki hata kwa dawa."

Lakini hakuna aliyecheka sana. Mzee Dobi alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo chafu bila kutazama anakalia nini.

"Tangu lini unaweza haya?" aliuliza.

"Tangu nina miaka saba."

"Na hapa dukani? Miaka yote hii?"

"Kila siku. Jana niliweza. Juzi niliweza. Siku ulipougua ukalala nyuma ya kaunta na funguo zikiwa zinaning'inia, niliweza, na nisingehitaji hata kutumia ufundi. Hukunitoa kitu, Mzee. Ulinipa kazi, na Mungu akulipe kwa hilo, nami ninakushukuru. Lakini mikono hii uliikuta hivi hivi. Kila asubuhi ninaingia hapa nikiwa ninaweza, na kila jioni ninatoka nikiwa sikufanya. Si baba anayenizuia, alishakufa. Wala si wewe, wewe hukujua. Ni nani basi anayenizuia? Nimekuuliza, Mzee. Ni nani?"

Mzee alizitazama funguo zake pale juu ya shuka.

"Mmeona!" Mke wa Wakili alikuwa amepata sauti yake tena. "Mmeona wenyewe, kwa macho yenu, mchana kweupe! Nyoka ametoa ulimi! Amejishtaki mwenyewe, shahidi wa nini tena?"

"Bangili yako hiyo hapo, bibi. Imeitwa," alisema Dada Mifuko. "Ningekuwa ninataka vitu vyako, tusingekuwa tunazungumza juu ya pete. Ungekuwa umefika nyumbani huna hata vifungo."

Karani alikuwa amesimama kama nguzo. Wote walikuwa wanamngoja mwenye duka. Dada Mifuko naye alimngoja, mikono iko wazi juu ya shuka, akijua vizuri alichofanya. Alikuwa ameuonyesha mkono wa Unyoya mbele ya watu, mkono aliouficha miaka thelathini. Huenda dakika moja baadaye angekuwa barabarani, unga umemwagika, na hakuna duka jingine katika mji mzima ambalo lingemruhusu hata kufagia. Lakini hakurudisha nyuma neno hata moja. Afadhali afukuzwe akijulikana alivyo kuliko ahifadhiwe kama tangazo la sabuni ya mtu.

Mzee Dobi aliinuka polepole. Alichukua saa yake, akaivaa. Alichukua funguo, akazipima mkononi, akautazama ule ufunguo wa kabati muda mrefu. Kisha akaichukua bangili, akaifuta kwa ncha ya shati lake, akamkabidhi mke wa Wakili.

"Mama," alisema, "koti lako lilipita kwenye meza hii. Mifuko mitatu iliitwa mitupu. Duka hili lina kanuni moja tu, nayo iko pale juu ya kaunta, tangu kabla huyu hajaja. Kisichoitwa hakikuwemo."

"Mzee, unajua unachokisema? Unajua mume wangu ni nani?"

"Namjua. Suruali zake nazifua. Wala zile sikuwahi kuzisimulia kwa mtu." Alikohoa. "Huyu hatoki mezani."

Mke wa Wakili aliondoka na koti lake, na mlango ulibamizwa hivi kwamba kanuni ikaning'inia upande. Dada Mifuko alivuta pumzi, akalivuta koti la bwana harusi karibu.

"Funguo ndogo, mbili!" aliita kwa mara ya pili. "Karani, safari hii uandike."

Karani akaandika.

*

Mke wa Wakili alifanya kama alivyoahidi. Alikwenda mlango kwa mlango. Wiki iliyofuata Jumatatu ilikuwa nyepesi kama Alhamisi, na iliyofuata ilikuwa nyepesi zaidi. Polisi mmoja alikuja, akauliza maswali mawili, akaacha suruali yake ioshwe, akaondoka. Mpiga Pasi alipata muda wa kukaa kitini, jambo lililomtia wasiwasi mkubwa. Alianza kuzungumza na Dada Mifuko kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na ndoo iliyojaa, na kila alipomwona anakuja alitia mkono mfukoni kwanza, kisha akaona haya, akautoa.

Dada Mifuko aliona yote. Alimwona pia Mzee, mteja mgeni alipokuja, akianza, "Mnamwona yule? Yule ni..." halafu akakwama, akatafuna maneno, na mwishowe akasema, "Yule ndiye wa mifuko. Mpe koti." Haikuwa hotuba, lakini ilikuwa afadhali.

Msomaji atataka kujua pete ilikuwa wapi. Nao walitaka kujua.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, dereva wa Wakili alikuja na mafurushi matano ya nguo na ujumbe wa mdomo. Bibi mwenyewe hakuja. Pete ilikuwa imeonekana. Ilikuwa kwenye kikopo cha pini za nywele, ambamo bibi aliitia usiku ule wa harusi alipokuwa anafungua nywele zake kwa kuchoka. Bibi anawasalimu. Bibi anasema wasichelewe na shuka.

Duka lililipuka kwa shangwe. Mama Povu alipiga vigelegele, akamwagia Karani maji kwa furaha. Karani akacheza na stakabadhi mkononi. Mzee Dobi alitoka mbio nyuma ya kaunta, mikono imetanuliwa, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu! Umesafishwa! Umesikia? Umetakata! Nilijua! Leo tunafunga mapema, mimi nanunua soda za wote!"

Dada Mifuko hakusogea. Alikuwa na gauni la mtu mezani, mfuko mmoja umegeuzwa, wa pili bado. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka kelele zikapungua, na Mama Povu akashusha ndoo.

"Mnashangilia nini?" aliuliza.

"Pete, dada!" alisema Karani. "Imeonekana!"

"Nimesikia. Pete imeonekana, heri yake. Mimi nilikuwa nimepotea?"

Karani akashusha stakabadhi.

"Mzee, unasema nimesafishwa. Kwani jana nilikuwa mchafu? Ingekuwa ile pete imeanguka chooni ikaenda zake, isionekane mpaka kiama, mimi ningekuwa nani hapa? Wewe ulisimama nami siku ile, sikusahau, na sitasahau. Sikuulizi wewe." Akageukia ukumbi. "Nawauliza hawa. Ni nani kati yenu alikuwa anaingoja pete ndipo anijue?"

Mvuke ulifuka kwenye meza za pasi. Mama Povu alisema, "Mimi sikungoja kitu, mimi nilimwambia hata mume wangu," na sauti yake ilikuwa ya kweli. Karani alitazama kalamu yake. Dada Mifuko hakuwapunguzia hata kidogo.

Mwishowe Mpiga Pasi, yule mwoga wa kila kitu, alitoka kwenye mvuke wake, kichwa amekiinamisha.

"Mimi, dada," alisema. "Nilikuwa na shaka. Tangu siku ile ya saa na bangili. Nilikuwa ninasema moyoni, anayeweza namna ile, atashindwaje siku moja? Hata leo... hata leo sijui. Nisamehe."

Dada Mifuko alimgeukia. Katika watu wote waliowahi kumzungumzia, kumwapia na kumlaani, huyu alikuwa wa kwanza kumletea shaka yake mkononi badala ya kuipitisha mgongoni.

"Huna haja ya msamaha," alimwambia. "Umesema kweli. Naweza, na hata kesho nitaweza. Kaa na shaka yako, ndugu yangu, mpaka ikuchoshe. Mimi haiwezi kunifanya mwizi, kama vile soda ya Mzee haiwezi kunifanya malaika."

Kisha akaukunja vizuri mkono wa blauzi yake uliokuwa umeteremka, akageuza mfuko wa pili wa lile gauni, akauinua juu ili wote wauone.

"Hakuna kitu!" aliita.